Mstari wa Majivu, Hatua Kumi Mbele

Mwalimu Baraka, kijana aliyepokea filimbi yangu, aliniuliza swali moja tu siku ya makabidhiano. Hakuuliza habari za stopwochi ambayo kitufe chake hukwama, wala kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita kumi. Aliuliza, "Mwalimu Tusekile, huu mstari wa pili ni wa nini? Kwenye kitabu cha sheria haumo. Mimi mwakani naufuta." Nikamwambia asiguse kitu mpaka nimwandikie. Haya, ninaandika, na ninyi wengine mnaofundisha michezo katika shule zetu za msingi someni pia, maana najua wengi wenu huuchora mstari huo kila mwaka bila kujua mnachora nini.

Vyeo sitavisimulia. Kazi yangu kubwa maishani ilikuwa kusimama juani kwenye mstari wa kumalizia nikiwa na bendera mbili, nyeupe na nyekundu, na kuchukiwa na wazazi kwa zamu. Naikumbuka kwa raha sana.

Nilianzia shule ya Hasamba, Mbozi, katikati ya miaka ya themanini, wakati maduka ndiyo yanaanza kuonyesha sabuni tena. Mimi ni Mndali wa milima ya Ileje. Nilifika na sanduku la bati na cheti cha ualimu, na kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko walimu wote na nina miguu mirefu, nikapewa michezo bila kuulizwa. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Simfukwe, Mnamwanga mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata mchana wa joto. Wiki ya kwanza nilimkimbilia na habari njema: nimepata mvulana wa darasa la sita anakimbia kama amekosa adabu, tuanze mazoezi.

"Kwao umeshakwenda?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi huna mkimbiaji, mwalimu. Una mtoto wa watu."

Mashindano yetu ya wilaya huwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita ndipo kahawa ya Mbozi inapoanza kuiva. Mtoto mwepesi wa miguu ni mwepesi wa mikono pia, na nyumbani wanalijua hilo kabla ya mwalimu. Unapomwomba kwa siku nne, unaiomba familia mikono miwili katika wiki ambayo mikono haitoshi. Mimi nilidhani ni suala la kuwaandikia barua yenye mhuri.

Jumamosi ile Simfukwe aliichukua timu nzima, watoto kumi na wawili pamoja nami, tukaenda shambani kwa baba wa yule mvulana kuchuma kahawa. Tulichuma tangu umande haujakauka. Simfukwe hakuhubiri habari za michezo hata kidogo, alichuma tu na kuimba, tena aliimba vibaya. Alasiri yule baba alizunguka vikapu, akainua kimoja, akakiweka chini.

"Mchukueni," akasema. "Mkinirudishia amevunjika, nawafuata huko huko shuleni."

Huo ulikuwa utaratibu wetu kwa miaka yote niliyokaa Hasamba. Kila mkimbiaji alilipiwa siku zake kwa kazi ya wenzake, na watoto wenyewe wakaupenda, kwa sababu mtoto ambaye timu nzima imemchumia kahawa hathubutu kusema tumbo linauma siku ya mbio.

Jambo la pili nililojifunza kwa Simfukwe ni kamba. Nyote mmeshaona mzazi anayefika uwanjani mara ya kwanza. Mbio za mita mia nne zinapangwa, anaona mtoto wa njia ya nje kasimama mbele kabisa na wa kwake wa njia ya ndani yuko nyuma ya wote. Damu inamchemka. Mwaka wangu wa pili mzee mmoja kutoka Itaka aliingia uwanjani na mkongojo wake. "Huu ni upendeleo wa mchana kweupe! Wa kwangu mmemweka mkiani kwa sababu hatuna ndugu mwalimu!" Mimi nilianza kumweleza kona na mzingo, nikazidi kumchanganya. Simfukwe akampa ncha ya kamba. "Mzee wangu, shika. Tupime wote wawili." Wakaizunguka njia ya kwanza, wakaizunguka ya pili, fundo kwa fundo. Walipofika njia ya nne yule mzee alikuwa analowa jasho na ameshageuka mwalimu. Akaanza kuwaita wazazi wenzake waje waone, na mbio zikachelewa saa nzima kwa sababu kila mtu alitaka kushika kamba.

Tangu hapo, kabla ya kila mashindano, niliwaita wazazi uwanjani nikawatembeza. Niliwaonyesha njia, michujo, na kwa nini anayeanza kabla ya mlio anarudishwa. Mlio wenyewe ulikuwa wa mbao mbili zenye bawaba, maana bastola ilikuwa ya wilaya na risasi zake zilikuwa za kusimuliwa. Chokaa ilipokosekana kila nyumba ilileta kopo la majivu, tukachorea uwanja. Mama aliyeleta majivu ya jiko lake hakuruhusu mtu aukanyage mstari ovyo. Nilijiona bingwa wa kuwaeleza wazazi mambo. Simfukwe alipostaafu aliniachia kamba yake, nami niliipokea kama mtu anayestahili.

Miaka ya tisini nilihamishiwa bondeni Momba, upande wa Kamsamba. Kule joto ni lingine na watu ni wengine: wafugaji waliohamia na makundi yao, wanalima mpunga, wanakaa mbalimbali. Nilimkuta Minza darasa la saba. Alikuwa akija shuleni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na akichelewa alikimbia njia nzima, akifika anahema kidogo tu kama mtu aliyepanda ngazi. Nilimpima mita mia nane kwenye uwanja wa mchanga. Nikaitazama stopwochi, nikadhani kitufe kimekwama. Nikampima tena.

Safari hii nilijua pa kuanzia. Nilikwenda kwao. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Bondeni hakuna kahawa, kuna ng'ombe, basi timu nzima ilikwenda kuwanywesha ng'ombe wake kwenye visima vya mchangani, ndoo kwa ndoo, siku nzima. Ng'ombe walinitambua mara moja kuwa mimi ni mtu wa milimani, mmoja akanisukuma ndani ya tope na watoto wakafurahi kuliko siku ya likizo. Jioni Mzee Masanja alinikalisha kwenye kigoda.

"Mwalimu, mimi baada ya mavuno nahama. Malisho hapa yamekwisha. Minza ataondoka nasi."

"Na mtihani wa darasa la saba, mzee?"

"Ndiyo hivyo." Akaigeuza fimbo mkononi. "Unasema akishinda kuna shule?"

Nikamweleza. Wawili wa kwanza wa kila mbio wangeingia timu ya wilaya, waende Mbeya mjini. Na sista mmoja, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, alikuwa ametangaza kwamba atakuja kuangalia, na wasichana wa timu hiyo wakifaulu mtihani atawapa nafasi. Wakati ule sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Akiingia timu, abaki kwako asome," akasema Mzee Masanja. "Asipoingia, twende naye." Aliposema hivyo nilijua hatalibadilisha neno lake, upande wowote.

Mama Minza alikuwa amesikiliza yote kutoka jikoni. Alitoka akifuta mikono. "Mwalimu, na sisi wazazi tunakuja kufanya nini huko? Tukae tu tutazame?" Hakuwahi kuona mashindano ya riadha maishani mwake. Nami, bingwa wa kueleza, nikatafuta mfano ulio karibu naye.

"Mama, ni kama ngoma tu. Anayecheza vizuri si mnamtunza?"

"Tunamtunza."

"Basi siku hiyo ukimwona mwanao amewaacha wenzake, mtunze."

Uso wake ukafunguka kabisa. Nilirudi nyumbani nikijipongeza njia nzima. Mfano mzuri ulioje.

Mwaka ule mashindano ya wilaya yalikuwa Tunduma. Tulipanda lori la mpunga, watoto, wazazi, unga, maharage na sufuria. Kila familia ilitoa chakula cha mtoto wake na cha mwenzake mmoja, huo nao ulikuwa utaratibu wangu. Tulilala madarasani. Mama Minza alikuwa amekuja na kuku wawili, na asubuhi ya mashindano akawapeleka sokoni kwa mama mmoja Mzambia, wakaelewana kwa Kibemba, Kisukuma na vidole. Akarudi na kitenge cha manjano chenye maua makubwa mekundu. Alinionyesha. Nikakisifia. Sikujiuliza chochote.

Nilikuwa mwamuzi mkuu wa mstari wa kumalizia. Mbio za kwanza asubuhi ile, mvulana wa shule moja alisaidiwa na kaka yake aliyeruka kamba ya kuzuia watazamaji, akamshika mkono na kukimbia naye hatua kumi na tano hivi. Niliinua bendera nyekundu, nikamtoa. Mwalimu wake alinibembeleza, nikamwambia sheria ni moja: mtu wa nje akimgusa mkimbiaji kabla ya mstari, mkimbiaji ametoka. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Nilikuwa na sauti kubwa enzi hizo.

Zikaja mita mia nane za wasichana. Hizo ndizo tulizotegemea, kwa sababu kwenye mita elfu moja mia tano za alasiri alikuwepo Edina wa Itaka, msichana ambaye hakuna aliyewahi kumshinda. Mzunguko wa kwanza Minza alikaa wa tano. Wa pili alianza kuwapita mmoja mmoja, bila papara, kama alivyozoea kuniletea daftari. Kwenye kona ya mwisho alikuwa peke yake. Mimi mwamuzi nisiyepaswa kuwa na upande nilikuwa nimeuma mdomo hadi unauma.

Ndipo Mama Minza akatoka. Aliinama, akapita chini ya kamba, akapiga vigelegele, akamkuta mwanawe zikiwa zimebaki kama mita ishirini. Akakimbia naye sambamba na kumfunika kile kitenge mabegani, akakifunga fundo la haraka kifuani, kama wanavyofanya kwa mcheza ngoma aliyewashinda wote. Kitenge kilimvuruga miguu, hakikumsaidia hata chembe. Hata hivyo Minza alifika wa kwanza, amevaa maua.

Uwanja mzima ulinitazama. Mwenyekiti wa mashindano alinikaribia akanong'ona, "Mwalimu, mama wa watu hajui. Tunaweza kufumba macho." Yule mwalimu wa mvulana wa asubuhi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono kifuani. Mkono wangu ulikuwa mzito kama ndoo ya kisimani. Nikainua bendera nyekundu.

Mama Minza akaiona. Akapiga vigelegele tena, kwa nguvu zaidi, akanielekezea mikono yote miwili. Alidhani nami ninamtunza mwanawe kwa kitambaa changu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kitu kilichoniuma kama furaha ile ya yule mama.

Mzee Masanja ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuja polepole na fimbo yake. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, si wewe uliyemwambia mama yake amtunze?"

"Ni mimi, mzee."

"Akamtunza."

"Akamtunza, mzee. Kosa ni langu."

Nilichukua kipaza sauti nikarudia maneno hayo mbele ya wote: kwamba mtoto ametoka kwa sheria, na matokeo hayabadiliki, lakini mama hana kosa, alifanya nilichomwambia mimi Tusekile, mwalimu wake. Nilisikia watu wakicheka na wengine wakiguna. Nilikirudisha kwa mwenyekiti. Nilimkuta Minza amekaa chini na kitenge chake, halii, anatazama viatu vya raba vya kuazima alivyovivua na kuvipanga vizuri vya kurudisha.

"Lori la kurudi bondeni linaondoka saa nane," akasema Mzee Masanja. Mita elfu moja mia tano, mbio za pili za Minza, zilipangwa saa tisa.

Mama Minza alikuwa ameshaelezwa na wenzake. Alinifuata, macho mekundu, akanishika kiganja.

"Mwalimu, umenifundisha nusu. Nimalizie. Nimtunze wapi?"

"Mama, akishavuka mstari."

"Mstari upi? Pale wamejaa walimu na saa zao. Nionyeshe pangu."

Pake hapakuwepo. Tulikuwa tumewapimia watoto kila kitu, na walimu tumewapimia, lakini mzazi hatukumpimia hata unyayo. Chokaa ilikuwa imekwisha. Nilikwenda kwenye mafiga ya wapishi, nikazoa majivu kwenye kopo, nikahesabu hatua kumi mbele ya mstari wa kumalizia, nikachora mstari wa pili, upana wote wa uwanja.

"Hapa," nikasema. "Usimame ng'ambo ya majivu. Akifika hapa ni wako."

Akasimama. Vidole vya miguu vikagusa majivu, akarudi nyuma kidogo kwa uangalifu. Mzee Masanja alimtazama mkewe, akaitazama barabara ambako lori lilikuwa linapakia. Halafu akaenda kusimama kando yake. Saa nane lori likapiga honi, likaondoka, wao wakiwa wamesimama pale pale.

Mbio za alasiri zilikuwa za watu kumi na mmoja. Edina alikwenda mbele tangu mlio, na hapo mbele akabaki. Minza alikuwa amechoka, niliyaona mabega yake yamelegea. Nafasi ya pili aliipigania na msichana mmoja wa Tunduma, mzunguko hadi mzunguko, mara huyu mara yule. Kwenye kona ya mwisho viwiko viligongana na Minza akaanguka, magoti na viganja kwenye changarawe.

Nilimtazama mama yake. Sikupaswa, kazi yangu ilikuwa mstari, lakini nilimtazama. Mguu mmoja ulikuwa umeshanyanyuka juu ya majivu, na kitenge kimefunguliwa. Akauangalia ule mguu. Akaurudisha. Akaita tu, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kutoka machungani, "Minza wee! Niko huku! Njoo!"

Minza akanyanyuka. Hizo mita themanini za mwisho sijui alizikimbia kwa miguu ya nani. Msichana wa Tunduma aligeuka kumtafuta upande wa kulia, Minza akampitia kushoto, kifua kwa kifua, na mimi niliyekuwa nimepiga magoti kwenye mstari niliona kwa macho yangu mawili: mbele kwa upana wa kiganja. Nilimwita mwamuzi msaidizi aseme yeye kwanza, nisije nikaambiwa nimempendelea. Akasema, "Wa pili ni huyu wa bondeni." Nikainua bendera nyeupe, mara hii mkono haukuwa na uzito wowote.

Minza alitembea zile hatua kumi akichechemea. Mama yake alimngoja mpaka kisigino cha nyuma kikavuka majivu, ndipo akamfunika. Edina alikuwa amesimama karibu, peke yake. Kwao Itaka walikuwa kwenye kahawa, hakuna aliyeweza kuja. Mama Minza akamtazama, akakivuta kitenge, akawafunika wote wawili kwa pamoja. Wakabaki humo, vichwa viwili na kitambaa kimoja cha manjano. Yule sista aliandika majina yao hapo hapo.

Minza alikaa nyumbani kwangu mpaka mtihani, akafaulu, akaenda bweni. Wazazi wake walihama na ng'ombe. Leo ni afisa mifugo Mbangala, anawachanja ng'ombe wa watu wasiotaka kuamini kuwa mwanamke anaweza kumwangusha fahali. Anaweza.

Mstari ule niliuchora tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Wazazi waliokuwa Tunduma wakaudai kwenye mashindano ya kata zao, walimu wakauiga. Simu za kupiga picha zilipoingia na kila baba akataka kukimbia mbele ya mwanawe na simu mkononi, ni mstari huo uliotuokoa. Simfukwe aliishi akauona. Aliletwa uwanjani amezeeka, akaukagua na kofia yake ile ile, akasema, "Kumi ni nyingi, wangu. Saba zingetosha." Sikumsikiliza. Zimebaki kumi.

Mashindano yangu ya mwisho, mwaka huu niliostaafu, yalifanyika Tunduma tena. Mbio zilipoisha nilikusanya bendera, nikakunja kamba, nikaanza kuelekea kivulini nikidhani nimemaliza. Ng'ambo ya majivu alikuwa amesimama bibi kizee aliyeshikwa mkono na Minza, na mkono wa pili ameshika kitenge kipya. Nilimtambua kwa jinsi alivyopanga vidole vya miguu. Nikasimama hapo hapo nilipokuwa, machozi yamenijaa, nikanyoosha mikono anifunike.

Hakusogea.

"Njoo, mwalimu," akasema. "Hujavuka bado."